Kutengeneza chembe nano za fedha kwa majani ya mwarobaini, na kupima kama kweli zinaua bakteria

Chembe nano za fedha ni vipande vya metali ya fedha vyenye kipenyo kati ya nanomita 1 na 100. Katika njia ya mimea, ayoni za fedha zilizomo kwenye myeyusho wa nitrati ya fedha hupokea elektroni kutoka kwa kemikali za majani, hasa fenoli, flavonoidi na baadhi ya sukari, zikawa atomu za fedha. Atomu hujikusanya kuwa chembe, kisha protini na fenoli zilizobaki huzizingira chembe hizo zisigandamane. Mmea mmoja hufanya kazi mbili: unageuza ayoni kuwa metali na unailinda metali hiyo. Kwa hiyo huhitaji sodiamu borohidridi wala polima ya kiwandani.

Mwarobaini una historia nzuri katika kazi hii. Mwaka 2004 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Kemia iliyoko Pune, India, walichapisha njia ya kutumia mchuzi wa majani yake kutengeneza chembe za fedha na za dhahabu, na tangu hapo umekuwa mmoja wa mimea inayotumika sana. Majani ya mpera, mlonge, chai ya kijani na mkaratusi hufanya kazi kwa utaratibu huohuo, ila vipimo vya muda na pH itabidi uvitafute upya.

Kuianza kazi hii ni rahisi. Kujua ulichokipata ndiko kugumu. Myeyusho ukibadilika kutoka manjano hadi kahawia watu wengi huandika kwamba wamefaulu, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Oksidi ya fedha nayo ni ya kahawia. Fenoli za majani zikikutana na hewa kwenye pH ya juu huwa kahawia hata bila fedha. Kloridi ya fedha ikipigwa na mwanga hugeuka zambarau, kisha kijivu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina sampuli zake za ulinganisho, na sampuli hizo zina umuhimu sawa na chembe zenyewe.

Vifaa, na maji kabla ya yote

Kwa bechi ya mililita 100 unahitaji gramu 10 za majani mabichi ya mwarobaini, nitrati ya fedha yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi, maji yaliyoondolewa ayoni lita 2 (mengi yatakwenda kwenye kusuuza), hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M (M ni mola kwa lita, mM ni milimola kwa lita), na asidi ya nitriki. Vyombo ni mizani inayosoma gramu 0.0001, kikorogeo cha sumaku chenye joto, kipimajoto, karatasi za chujio za Whatman namba 1, foili ya alumini, sentrifuji, na spektrofotomita inayosoma nanomita 300 hadi 700. Vaa glavu za nitrili, koti la maabara na miwani ya kinga. Nitrati ya fedha huunguza jicho, na ikigusa ngozi huacha doa jeusi linalojitokeza saa kadhaa baadaye na lisilotoka kwa sabuni.

Maji ndiyo yanayowakwamisha wengi. Ayoni ya kloridi ikikutana na ayoni ya fedha hutoa kloridi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka. Fedha ikiwa milimola 1 kwa lita, kloridi ya takriban mikrogramu 6 kwa lita inatosha kuvuka kikomo cha umumunyifu, ingawa ukungu unaoonekana kwa macho huhitaji zaidi ya hapo. Maji ya bomba yana kloridi mara maelfu ya kiasi hicho, na maji ya kunywa ya chupa hayana nafuu.

Yapime maji yako kabla ya kuanza. Chukua mililita 10, tia matone mawili ya asidi ya nitriki, kisha mililita 1 ya nitrati ya fedha ya 10 mM. Subiri dakika 5 na uitazame chupa mbele ya karatasi nyeusi. Ukiona ukungu wowote, hayo maji hayafai, hata kama kibandiko kinasema yamekenekwa.

Vyombo vya kioo navyo viloweke usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuze mara tano kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Mabaki ya fedha ya bechi iliyopita, hasa kwenye mikwaruzo ya kisumaku cha kukorogea, huwa mbegu za chembe mpya, nawe utapata ukubwa tofauti kila siku bila kujua sababu. Asidi ya hidrokloriki isitumike kabisa kusafishia, kwa sababu huacha kloridi ileile unayoikimbia.

Mchuzi wa majani

Chuma majani yaliyokomaa, ya kijani kibichi, yasiyo na madoa ya ugonjwa. Yaoshe kwa maji ya bomba kuondoa vumbi, kisha yasuuze mara tatu kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Usuuzaji huu wa mwisho ndio unaoondoa kloridi ya juu ya jani. Yapanguse, pima gramu 10, na uyakate vipande vya kama milimita 5.

Weka vipande kwenye bika lenye mililita 100 za maji, funika, na upashe joto hadi nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa dakika 20. Usiache mchuzi utokote. Kutokota kwa muda mrefu hutoa wanga na utelezi mwingi unaoziba chujio, na baadhi ya kemikali unazozitaka huharibika. Acha upoe, uchuje kwanza kwa kitambaa safi, halafu kwa karatasi ya Whatman. Ukibaki na ukungu, uzungushe kwenye sentrifuji kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, dakika 10, na uchukue kimiminika cha juu. Mchuzi mzuri wa mwarobaini ni wa manjano hafifu na unapitisha mwanga.

Utumie siku hiyohiyo au kesho yake. Kwenye friji la nyuzi 4 unaweza kukaa siku kadhaa, lakini fenoli zinaendelea kuoksidishwa na nguvu ya mchuzi inashuka. Ukitaka bechi nyingi zinazofanana, tengeneza mchuzi mwingi kwa mkupuo mmoja, ugawe kwenye vichupa vya mililita 10, na uvigandishe.

Hapa pana jambo ambalo ripoti nyingi hazilitaji. Majani ya msimu wa mvua na ya kiangazi, ya mti mchanga na mti mzee, hayatoi mchuzi sawa. Kuandika "gramu 10 kwa mililita 100" hakumwambii msomaji nguvu ya mchuzi wako. Kausha mililita 10 za mchuzi kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, kisha andika miligramu za kitu kikavu kwa kila mililita. Kama una kitendanishi cha Folin-Ciocalteu, pima na jumla ya fenoli. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuwezesha kurudia kazi mwaka ujao.

Kuchanganya

Tengeneza kwanza myeyusho wa akiba wa 10 mM: gramu 0.170 za nitrati ya fedha kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100, jaza maji hadi mstarini. Uhifadhi kwenye chupa ya kahawia iliyozungushiwa foili. Siku ya kazi chukua mililita 10 za akiba, jaza hadi mililita 100, upate 1 mM.

1. Rekebisha pH ya mchuzi iwe 8, kwa matone ya hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M. Ukipitiliza, irudishe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa.
2. Weka mililita 90 za nitrati ya fedha ya 1 mM kwenye chupa koniki iliyofunikwa kwa foili, ipashe hadi nyuzi 60, ikorogwe taratibu.
3. Tia mililita 10 za mchuzi, tone kwa tone, kwa dakika kama 5.
4. Endelea kukoroga kwenye nyuzi 60 kwa saa 1, halafu acha ipoe gizani.

Rangi huanza manjano, ikaiva kuwa ya kaharabu na mwishowe kahawia, kwa kawaida ndani ya saa hiyo. Bila kupasha joto, mabadiliko hayohayo yanaweza kuchukua hadi saa 24.

Mpangilio wa hatua ya kwanza una sababu. Rekebisha pH ya mchuzi, usiiguse nitrati ya fedha. Ukidondosha alkali moja kwa moja kwenye fedha, oksidi ya fedha ya kahawia hutuama papo hapo pale tone lilipoangukia. Katika maji matupu yenye fedha ya 0.9 mM, oksidi hiyo huanza kutokea pH ikipita takriban 9.3, na hiyo ndiyo sababu ya kusimama kwenye 8. Ni kweli pH ya juu huharakisha kazi na mara nyingi hutoa chembe ndogo zaidi, lakini ukienda kwenye 10 au 11 bila ulinganisho wa makini hutajua kama unapima metali au oksidi.

Usitumbukize elektrodi ya kipima pH ndani ya chupa ya kazi. Elektrodi za kawaida huvujisha kloridi ya potasiamu kidogo kidogo, na kloridi hiyo inatosha kuchafua bechi nzima. Mimina mililita 2 pembeni, pima, kisha zimwage kwenye chombo cha taka. Vilevile epuka myeyusho wa bafa ya fosfati. Fosfati ya fedha ni mashapo ya manjano, na kwa jicho yanafanana mno na mwanzo wa kazi iliyofaulu.

Foili nayo ina sababu. Mwanga peke yake, hasa wa jua, huweza kugeuza ayoni za fedha kuwa metali kukiwa na vitu vya mimea. Wapo wanaoutumia mwanga kwa makusudi, na ni njia halali, ila basi nguvu ya mwanga na muda wake viandikwe kama unavyoandika joto. Chupa iliyoachwa dirishani inakupa matokeo ya hali ya hewa ya siku hiyo.

Sambamba na chupa ya kazi, ziwepo chupa nyingine tatu, kwenye joto lilelile na giza lilelile: mchuzi wa pH 8 pamoja na maji badala ya fedha, nitrati ya fedha pamoja na maji badala ya mchuzi, na nitrati ya fedha pamoja na maji yaliyorekebishwa hadi pH 8. Ya kwanza ikiwa kahawia sawa na ya kazi, rangi yako ni ya fenoli. Ya pili ikibadilika, kuna uchafu kwenye kioo au mwanga unapenya. Ya tatu hukuonyesha kama alkali peke yake inatuamisha oksidi.

Ikiharibika

Ukungu mweupe unaotokea sekunde chache baada ya kuchanganya ni kloridi. Kama maji yalipita kipimo, basi imetoka kwenye majani. Tia matone ya asidi ya nitriki kwenye sampuli ndogo: oksidi na kabonati huyeyuka, kloridi haiyeyuki. Suluhisho ni kusuuza majani zaidi, au kutumia mchuzi mwepesi zaidi, mililita 5 badala ya 10, na muda mrefu zaidi. Kloridi ya ndani ya jani huwezi kuiondoa yote kwa kusuuza. Mimea inayoota kwenye udongo wa chumvi itakusumbua kuliko mingine.

Rangi isipobadilika kabisa baada ya saa moja, angalia pH kwanza. Mchuzi wa pH 4 au 5 hufanya kazi polepole sana. Halafu angalia umri wa mchuzi, na mwisho nitrati ya fedha yenyewe. Fuwele zilizogeuka kijivu zimekwisha kupigwa na mwanga.

Ikiwa kahawia ilikuja vizuri, kisha ikawa kijivu na mashapo meusi yakakaa chini, chembe zimegandamana. Sababu ni moja kati ya tatu: fedha nyingi kuliko mchuzi unavyoweza kuilinda, joto la juu kwa muda mrefu, au chumvi iliyoingia baadaye. Usijaribu kuziokoa kwa mawimbi ya sauti ukadhani zimerudi zilivyokuwa. Zilizogandamana metali kwa metali hazitengani. Kioo cha fedha kinachong'aa kwenye ukuta wa chupa kinaonyesha kwamba fedha imejijenga juu ya kioo badala ya kubaki kwenye kimiminika, na mara nyingi chanzo ni chupa yenye mikwaruzo au isiyosafishwa.

Kusoma spektra

Chembe za fedha za mviringo hufyonza mwanga kwa nguvu kati ya nanomita 400 na 450, kwa sababu elektroni za uso wa metali hutikisika pamoja na mwanga wa urefu huo. Zimua sampuli kwa maji, kwa kawaida mara 10, hadi usomaji wa ufyonzaji uwe chini ya 1. Sifuri ya mashine iwekwe kwa mchuzi uliozimuliwa kwa uwiano uleule, isiwe maji matupu. Mchuzi wenyewe hufyonza mwanga mwingi chini ya nanomita 400, na ukiwekea sifuri ya maji utaona mlima ulioinama ambao nusu yake ni majani.

Soma dakika ya 0, 10, 30, 60 na 120, kisha saa ya 24. Kilele kinapoacha kupanda, ayoni zinazoweza kugeuka zimekwisha. Kilele chembamba karibu na 410 kinaashiria chembe ndogo zenye ukubwa unaokaribiana. Kikisogea kuelekea 440 na kupanuka, chembe zimekua au zimeanza kusogeleana. Mkia mrefu unaopita 600 ni dalili ya kugandamana hata kabla macho hayajaona mashapo. Rudia baada ya siku 7 na siku 30. Bechi ambayo kilele chake kimeshuka kwa nusu baada ya wiki haifai kupelekwa kwenye kipimo cha bakteria.

Kusafisha na kujua umepata kiasi gani

Mchanganyiko uliomalizika bado una ayoni za fedha ambazo hazikugeuka na mchuzi uliobaki. Vyote viwili vinaweza kuua bakteria, kwa hiyo visipoondolewa kipimo chako hakina maana.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya takriban 13,000 g kwa dakika 20 (g hapa ni nguvu ya uvutano wa dunia, si gramu). Andika g, usiandike mizunguko tu, kwa kuwa mizunguko 12,000 kwa dakika kwenye rota ya nusu kipenyo cha sentimita 8 ni karibu 12,900 g, na kwenye rota nyingine ni namba tofauti kabisa. Mwaga cha juu kwenye chombo cha taka, tia maji mapya, tikisa hadi mashapo yasambae, rudia mara tatu. Kimiminika cha juu cha osho la mwisho kihifadhi, utakihitaji. Kikiwa bado cha manjano, chembe ndogo zaidi zinakuponyoka. Ongeza muda, au tumia mfuko wa dayalisisi, yaani wa utando unaopitisha vitu vidogo na kubakiza vikubwa, wa kilodaltoni (kDa) 12 hadi 14, ndani ya maji yanayobadilishwa mara kadhaa kwa siku mbili.

Hifadhi chembe zikiwa majini, kwenye chupa ya kahawia, nyuzi 4. Usizigandishe bila kikinga. Kuzikausha kwenye oveni hutoa unga ambao haurudi kusambaa vizuri, kwa hiyo kausha sehemu ndogo tu kwa ajili ya vipimo vinavyotaka unga.

Sasa hesabu. Mililita 90 za 1 mM ukiongeza mililita 10 za mchuzi zinakupa fedha ya 0.9 mM, sawa na miligramu 97 kwa lita. Bechi nzima ya mililita 100 haiwezi kuwa na zaidi ya miligramu 9.7 za fedha, hata kila ayoni ikigeuka. Ukikausha ukapata miligramu 25, basi angalau 15 ni vitu vya mmea. Wanaopima unga huo kwenye mizani na kuandika "mikrogramu 100 za chembe nano kwa mililita" wanahesabu majani kama fedha. Njia sahihi ni kuyeyusha sampuli kwa asidi ya nitriki na kupima fedha kwa spektroskopia ya ufyonzaji wa atomu. Kama huna mashine hiyo, peleka sampuli kwenye maabara inayoifanya. Ni kipimo cha kawaida.

Ukiupima unga kwa mashine inayosoma jinsi fuwele zinavyotawanya eksirei, kwa eksirei ya shaba, fedha ya metali hutoa vilele kwenye pembe za 2θ za takriban 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4. Ukiona pia 27.8, 32.2 na 46.2, hiyo ni kloridi ya fedha, na vilele hivyo vimo kwenye machapisho mengi ambayo waandishi wake wameviita "vya mmea". Upana wa kilele cha 38.1 hukupa ukubwa wa fuwele kwa mlinganyo wa Scherrer: upana wa digrii 0.8, baada ya kutoa upana wa mashine yenyewe, ni karibu nanomita 10.5. Huo ni ukubwa wa fuwele, nayo chembe moja inaweza kubeba fuwele kadhaa. Ukubwa wa chembe utauona kwenye hadubini ya elektroni ya kupenyeza, ukipima angalau chembe 200 kutoka picha tofauti. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga daima kitatoa namba kubwa zaidi, kwa kuwa kinahesabu pia vazi la mmea na maji yanayoandamana nalo.

Kupima bakteria

Kazi hii ifanyike kwenye maabara ya mikrobiolojia, na mtu aliyefunzwa, kwa aina zinazojulikana kama Escherichia coli ATCC 25922 na Staphylococcus aureus ATCC 29213 (ATCC ni benki ya vijidudu ya Marekani).

Njia ya kutia sampuli kwenye visima vilivyotobolewa katika agari ya Mueller-Hinton, chakula cha kukuzia bakteria, ni rahisi na picha zake zinapendeza, lakini haifai kutoa hukumu. Chembe hazisafiri kwenye agari kama antibiotiki zinavyosafiri. Ndogo huenda mbali kuliko kubwa, na ayoni kuliko zote. Duara kubwa lisiloota bakteria kuzunguka kisima linaweza kumaanisha tu kwamba sampuli haikuoshwa. Itumie kama jaribio la awali, usilinganishe milimita zake na za antibiotiki.

Kinachofaa ni kuzimua kwenye sahani ya visima 96 na kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Punguza maji ya chembe zako hadi zifike mikrogramu 256 za fedha kwa mililita. Tia mikrolita 50 za mchuzi wa Mueller-Hinton wenye nguvu maradufu kwenye kisima cha 1, na mikrolita 50 za mchuzi wa Mueller-Hinton wa kawaida kwenye visima vya 2 hadi 12. Ongeza mikrolita 50 za chembe kwenye cha 1, changanya, hamisha 50 hadi cha 2, endelea hivyo, na kutoka cha 10 mwaga 50. Kisima cha 11 ni bakteria bila fedha, cha 12 ni mchuzi mtupu wa Mueller-Hinton.

Andaa bakteria walingane na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria), karibu milioni 150 kwa mililita, kisha wazimue mara 150 kwenye mchuzi wa Mueller-Hinton. Tia mikrolita 50 kwenye visima vyote isipokuwa cha 12, ambacho kinapata mchuzi. Kila kisima chenye bakteria sasa kina bakteria takriban 500,000 kwa mililita, na fedha inaanzia mikrogramu 64 hadi 0.125. Weka nyuzi 35 kwa saa 18 hadi 20.

Rangi ya kahawia ya chembe huficha ukungu wa bakteria, kwa hiyo usiamue kwa macho. Tia mikrolita 30 za resazurini ya asilimia 0.015 kwenye kila kisima na usubiri saa 1 hadi 4. Bluu ni hakuna uhai unaofanya kazi, waridi ni bakteria wanapumua. Fenoli za mmea zinaweza kuigeuza resazurini zenyewe, hivyo weka mstari mmoja wa chembe na mchuzi wa Mueller-Hinton bila bakteria. Mstari huo ukigeuka waridi, kipimo cha rangi hakifai kwa sampuli hiyo. Hesabu makoloni kwenye agari badala yake.

Mistari mingine ya sahani ndiyo inayoipa kazi thamani: mchuzi wa majani kwa kiwango kilekile cha kitu kikavu, osho la mwisho ulilohifadhi, na nitrati ya fedha yenye fedha sawa na ya chembe. Ili kupata nitrati inayolingana, zidisha mikrogramu za fedha kwa 1.57. Osho la mwisho likiua, hukuosha vya kutosha. Nitrati mara nyingi itaua kwa kiwango cha chini kuliko chembe, na hilo si kushindwa. Chembe zenyewe hufanya kazi kwa kiasi kikubwa kwa kutoa ayoni polepole, ambazo hushika sehemu zenye salfa kwenye protini za bakteria, huharibu utando wa seli na kuchochea oksijeni kali ndani yake. Pia kumbuka kwamba mchuzi wa Mueller-Hinton una kloridi na protini zinazonasa fedha, kwa hiyo kiwango ulichopata ni cha mchuzi huo, usikihamishie kwenye maji au kwenye jeraha.

Kujua kama wamekufa au wamezuiwa tu, toa mikrolita 10 kutoka kila kisima na uzisambaze kwenye agari kabla ya kutia resazurini, kisha hesabu makoloni ya visima ambavyo baadaye vinaonyesha havina ukuaji. Ulianza na seli 5,000 kwenye ujazo huo, kwa hiyo kuua asilimia 99.9 ni kubakiwa na makoloni 5 au pungufu. Changanya kwanza na tioglikoleti ya sodiamu ili kuizima fedha, la sivyo itaendelea kuua juu ya agari na utahesabu vifo ambavyo havikutokea kisimani. Hakikisha na kizimishi chenyewe hakiwadhuru bakteria kwenye kisima cha 11. Fanya kila kitu mara tatu, kwa bechi tatu tofauti za chembe, wala si mara tatu kwa bechi moja.

Mwili wa mtu, na taka

Kiowevu hiki hakinywewi, hakipuliziwi puani, wala hakipakwi jerahani, hata kikionyesha nguvu kubwa kwenye sahani. Fedha inayomezwa mara kwa mara hujikusanya kwenye ngozi na kuigeuza rangi ya bluu-kijivu, hali iitwayo ajiria, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba dawa za fedha ya kolodi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu.

Fedha ni sumu kali kwa viumbe wa majini, kwa hiyo hakuna cha kumwaga kwenye sinki. Myeyusho wa nitrati na kimiminika cha juu cha osho la kwanza vitie chumvi ya kawaida, kloridi ya sodiamu, kidogo kidogo hadi mashapo meupe yasitokee tena. Chuja, na mashapo yapelekwe kwenye taka za metali nzito au kwa anayerejesha fedha. Chembe zenyewe ziyeyushe kwanza kwa asidi ya nitriki ndani ya kabati la mvuke, kisha zifuate njia hiyohiyo. Sahani za bakteria zipitie otoklevu ya nyuzi 121 kwa angalau dakika 15 kabla ya kutupwa.

Taka ya fedha isichanganywe kamwe na amonia ikahifadhiwa. Mchanganyiko huo ukikaa, hata saa chache, unaweza kutoa nitridi ya fedha, unga mweusi unaolipuka kwa kuguswa tu ukiwa umekauka. Chupa ya taka ya fedha iandikwe jina, iwekwe mbali na amonia na visafishaji vyenye amonia, na iondolewe maabarani mara kwa mara badala ya kuachwa ijae.